Njumu za lulu kwenye shingo ya gitaa: kipi ununue ukiwa Dodoma

Fundi anayechonga gitaa kwa mkono hapa Dodoma na kutaka kulipamba shingo kwa njumu, yaani vipande vya lulu vinavyopachikwa ndani ya mbao, ana bidhaa nne mbele yake. Kuna stika za kubandika. Kuna plastiki yenye mng'ao wa lulu. Kuna vidoti na maumbo ya gamba halisi yaliyokatwa tayari kiwandani. Halafu kuna vipande bapa vya gamba, ambavyo fundi anavikata mwenyewe kwa msumeno wa sonara. Hapa zinapimwa zote kwa swali moja: kiangazi kizima cha Dodoma kikishapita juu ya ubao wa shingo, njumu zitakuwa katika hali gani?

Mwenye haraka achukue jibu hili. Nunua vidoti vya gamba halisi vya milimita 6 kwa alama zote za kawaida, ongeza vipande bapa viwili au vitatu vyenye unene wa milimita 1.5 kwa ajili ya pambo moja zuri kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyovuka shingo), na usiguse mistatili mipana inayovuka ubao hadi mbao yako iwe imekauka kwelikweli. Stika ziache dukani. Sababu zake nyingi ziko kwenye mbao kuliko kwenye lulu yenyewe.

Gamba lenyewe

Lulu ya kwenye gitaa hutoka kwenye tabaka la ndani la gamba la chaza, lile linalong'aa. Karibu lote ni kalisiamu kaboneti iliyojipanga tabaka nyembamba juu ya nyingine, ikishikwa na protini kidogo. Tabaka hizo ndizo zinazocheza na mwanga. Kwa ugumu gamba liko kati ya 3.5 na 4 kwenye kipimo cha Mohs, kwa hiyo msumeno wa chuma unalikata vizuri, ila meno yake yanaisha upesi.

Nyeupe iliyo safi na tulivu zaidi hutoka kwa chaza mkubwa, Pinctada maxima. Yenye kivuli cha kijivu, kijani na zambarau hutoka kwa Pinctada margaritifera, chaza mwenye ukingo mweusi anayeishi hata kwenye bahari yetu. Akina mama wa Fumba na Bweleo, Unguja, wanafuga chaza na kuchonga mapambo ya magamba yao, na gamba zuri linaweza kupatikana huko. Shida ni kwamba gamba la kutengenezea herini na mikufu huwa na unene usio sawa na lina mgongo wa mviringo. Itakubidi ulisugue mwenyewe juu ya msasa wa namba 80 uliolazwa kwenye kioo, pamoja na maji, hadi liwe bapa na lifike milimita 1.5. Kazi hiyo ni ndefu, lakini rangi ya gamba jeusi juu ya mpingo inastahili jasho hilo.

Aina ya tatu ni abaloni, konokono wa baharini, hasa paua wa New Zealand, Haliotis iris, mwenye buluu na kijani kali. Inavutia macho kuliko zote, na inavunjika kuliko zote. Ina nyufa za asili na matundu ya wadudu wa baharini, kwa hiyo kabla ya kuichora iinue mbele ya taa uone mistari ya giza iliyojificha ndani. Kwa umbo kubwa lenye kona nyingi, karatasi za gamba zilizogandishwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya epoksi, ambazo wengi wanazijua kwa jina la Abalam, zina usalama zaidi kwa sababu hazina mpasuko wa asili unaozipita kutoka juu hadi chini.

Usinunue kombe la nautilasi kwa uzuri wake tu. Tangu Januari 2017 liko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na halivuki mpaka bila vibali. Chaza wa lulu hawamo kwenye orodha hiyo. Pembe za ndovu, zilizopachikwa kwenye viti vya enzi vya Lamu zamani, hazina nafasi kabisa kwenye kazi ya leo. Ukitaka weupe wa aina ile, mfupa wa ng'ombe uliochemshwa na kuondolewa mafuta unafaa.

Mbao ndiyo inayoamua

Gamba halivimbi wala halisinyai kwa unyevu wa hewa. Mbao hufanya yote mawili, hasa kwa upana, yaani kukata njia ya nyuzi zake. Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, halafu miezi mingi mikavu. Mbao iliyokaa mahali penye unyevu wa hewa wa asilimia 80, kama ghala la Pwani, hutulia ikiwa na maji ya asilimia 15 hivi ya uzito wake mkavu. Mahali penye unyevu wa asilimia 50 hutulia karibu na asilimia 9. Ukinunua ubao Dar es Salaam, ukaupandisha treni ya SGR asubuhi na ukaanza kuuchimba mchana huohuo Dodoma, ubao huo bado unasafiri.

Piga hesabu. Mbao nyingi ngumu husinyaa kwa upana kama asilimia 0.2 kwa kila asilimia moja ya maji inayopotea. Maji yakishuka kwa asilimia 5, shimo lenye upana wa milimita 40 linajaribu kupungua kwa milimita 0.4, na gamba lililomo ndani halipungui hata kidogo. Kitu kimoja lazima kishindwe: gamba lipasuke katikati, au gundi iachie kipande kiinuke upande mmoja. Kwa kidoti cha milimita 6, hesabu hiyohiyo inatoa milimita 0.06, na gundi inaimeza bila shida. Hii ndiyo sababu vidoti vinadumu kwenye magitaa ya huku, wakati mistatili mipana inalia krek mwezi wa Septemba.

Dawa yake ni mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Ubao wa mpingo wa milimita 500 kwa 60 kwa 7 una uzito wa gramu 250 hivi, na kila asilimia moja ya maji ni zaidi kidogo ya gramu 2. Ulaze juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote, mbali na jua na ukuta wenye joto, upime kila wiki. Uzito ukikaa palepale wiki mbili au tatu mfululizo wakati wa kiangazi, ubao uko tayari. Ukiupima masika na ukaridhika, umejidanganya, kwa sababu utapungua tena mvua zikiisha.

Mpingo ndio ubao bora wa njumu nchini, na hilo halina mjadala. Uzito wake hupita ule wa maji, kwa hiyo unazama. Kingo za shimo hazimeguki. Na weusi wake unaficha mwanya wowote uliojazwa unga wake mwenyewe. Tatizo ni kupata urefu wa nusu mita ulionyooka, kwa kuwa mti wenyewe ni mdogo na una mikunjo. Ununue wenye hati halali za Wakala wa Huduma za Misitu. Misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha FSC, cha misitu inayovunwa kwa uangalifu, kwa mpingo mwaka 2009, na mbao zenye historia ya namna hiyo zinampa amani hata mteja wa nje. Jamii yote ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmoja wao, iliingia kwenye Kiambatisho cha II cha CITES Januari 2017. Vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaondolewa kwenye masharti hayo Novemba 2019, lakini ubao mtupu haukuondolewa.

Mkongo unafaa pia na hupatikana kwa urahisi zaidi, ila rangi yake ya kahawia inaonyesha kila mwanya. Anayejifunza aanze na mpingo hata kama unakula biti za kutobolea, kwa kuwa unasamehe mkono.

Stika na plastiki

Stika ni karatasi ya plastiki inayokaa juu ya ubao, chini ya vidole na jasho. Kona zake huinuka, vumbi linaingia chini, na ukingo unabaki mchafu daima. Ina faida moja ya kweli: kujaribia mpangilio. Bandika, simama mita mbili nyuma uangalie, halafu ibandue kabla hujagusa patasi. Karatasi iliyochapishwa na gundi kidogo hufanya kazi hiyo kwa bei nafuu zaidi.

Plastiki ya akriliki ina hoja nzuri kuliko mafundi wengi wanavyokubali. Haina uhai wa gamba, mng'ao wake ni uleule kila upande unaoutazama. Lakini inanyumbuka, kwa hiyo mteja akishikilia mistatili mipana kwenye kila alama na mbao haina historia inayojulikana, akriliki ya milimita 2 itavumilia mahali ambapo gamba litapasuka. Isugue polepole, kwa sababu inayeyuka ikipata joto. Plastiki ya zamani ya seluloidi iepuke kwenye karakana yenye cheche, maana inashika moto vibaya.

Vidoti vilivyokatwa tayari

Hapa ndipo pesa inafanya kazi. Vidoti vya gamba halisi huuzwa vya kipenyo cha milimita 2, 3, 4, 5 na 6, vyenye unene wa kati ya 1.3 na 2. Gitaa la kawaida lenye alama kwenye freti za 3, 5, 7, 9, 15, 17 na kidoti pacha kwenye 12 linahitaji vidoti 8. Agiza 12, kwa kuwa vichache hufika vimemeguka ukingo au vina upande wa manjano. Usafirishaji mara nyingi ni ghali kuliko vidoti, hivyo mafundi wawili watatu waagize pamoja.

Angalia kipimo kabla ya kulipa. Bidhaa nyingi za Marekani hupimwa kwa inchi, na robo inchi ni milimita 6.35. Biti za maduka ya vifaa vya ujenzi Dodoma ni za 6 au 6.5. Kidoti cha 6.35 hakiingii kwenye tundu la 6. Kwenye la 6.5 kinabakiza mwanya wa milimita 0.075 kila upande, ambao gundi yenye unga wa mbao inaufunga bila kuonekana kwenye mpingo. Aliyenunua vidoti vya 6 kamili atumie biti ya 6, ajaribu kwanza kwenye kipande cha mbao ileile, maana biti nyingi za bei nafuu hutoboa tundu kubwa kuliko namba iliyoandikwa.

Biti iwe ya mbao, yenye ncha kali katikati na mabega yanayokata ukingo kwanza. Ile ya chuma yenye ncha butu hutangatanga juu ya mpingo na kumegua mdomo wa tundu.

Kupata katikati ya nafasi kusiachiwe macho. Kwenye gitaa lenye urefu wa uzi wa milimita 650, freti ya 2 iko 70.9 kutoka mwanzo wa uzi juu ya shingo na ya 3 iko 103.4, kwa hiyo kidoti cha freti ya 3 kinakaa 87.2. Cha freti ya 5 kinakaa 148.6. Vile viwili vya 12 vinakaa 315.3. Tia alama kwa kalamu ya chuma yenye ncha, gonga kishimo kidogo, ndipo utoboe. Kina cha tundu kiwe pungufu ya unene wa kidoti kwa milimita 0.1 hadi 0.2.

Vidoti vya milimita 2 vya ubavuni vinastahili kutajwa peke yake, maana mpigaji akishika gitaa anaona ubavu wa shingo, haoni uso wake. Mwenye bajeti ndogo aanze na hivyo. Tundu la milimita 2 kwa kina cha 3 linatosha, na kijiti cheupe cha plastiki kinafanya kazi sawa na gamba.

Vipande bapa vya kukata mwenyewe

Pakiti za kawaida zina vipande vya milimita 25 kwa 38 hivi, vya unene wa 1.3 au 1.5. Chukua 1.5. Tofauti ya 0.2 inaonekana ndogo hadi ukumbuke kwamba uso wa ubao wa gitaa nyingi una mviringo, na gamba ni bapa. Ukisugua mviringo huo, kingo za kipande kilichovuka ubao hupungua kuliko katikati. Kwa kipande cha upana wa milimita 40 kwenye ubao wenye nusu kipenyo cha milimita 305, kingo hupoteza 0.66. Gamba la 1.5 linabaki na 0.84, salama. Kwenye mviringo mkali wa milimita 184, kingo hupoteza 1.09: gamba la 1.5 linabaki na 0.4, na la 1.3 linabaki na 0.2, yaani ngozi tu inayopasuka kwa kidole. Kwenye mviringo mkali gawanya umbo vipande vitatu na kila kimoja kifuate mteremko wake. Gitaa la klasiki lenye ubao bapa halina shida hii kabisa.

Umbo lichapishwe kwenye karatasi, likatwe vipande, kila kipande kigundishwe juu ya gamba kwa supaglu kidogo. Kabla ya kugundisha, lizungushe gamba chini ya taa: kila upande una mng'ao tofauti, na majani mawili ya mche mmoja yakielekezwa ovyo, moja litawaka na jingine litakuwa jivu. Hapa ndipo kazi ya mkono inaishinda ya kiwandani.

Msumeno wa sonara unapatikana kwa masonara au wauzaji wao. Uzi wa msumeno uwe wa namba 2/0 kwa mistari mirefu na 4/0 kwa kona. Meno yaangalie chini, uzi ukazwe hadi ulie ukiupiga kwa ukucha. Kipande kilale juu ya ubao wenye mkato wa V uliofungwa kwenye meza, karibu na ncha ya ndani ya mkato, kisining'inie hewani. Shusha msumeno wima, mapigo marefu na mepesi. Kwenye kona endelea kupandisha na kushusha huku ukizungusha gamba, usizungushe msumeno. Uzi ukikatika mara kwa mara, ama umeulegeza ama unausukuma mbele. Nta kidogo ya nyuki, na Singida na Manyoni wanayo nzuri, ipakwe mgongoni mwa uzi tu. Mafuta yasiguse gamba, kwa sababu gundi haitashika.

Kata nje ya mstari, malizia kwa tupa ndogo za sonara. Shingo yoyote nyembamba ya umbo isipungue milimita 1.2. Anayependa picha za miambani za Kondoa, zilizoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, ajue kwamba zile sura ndefu zenye miguu kama sindano zitavunjika zikikatwa kama zilivyo. Kata mwili kwenye gamba, miguu uichore ndani ya mpingo na kuijaza epoksi yenye unga mweupe wa gamba.

Vumbi la gamba ni baya kwa mapafu, na la mpingo huwasha ngozi na macho ya watu wengi. Vaa barakoa ya N95 au P2. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu.

Kuchimba na kugundisha

Mashine ndogo ya mkono aina ya Dremel yenye kitako cha kuongoza kina ndiyo chombo cha kazi hii. Ukiiagiza kutoka nje hakikisha ni ya volti 230. Ya Marekani ya volti 120 itaungua siku ya kwanza. Biti ziwe za kabaidi: 0.8 kwa kona, 1.6 kwa kuondoa katikati. Ile ya 0.8 hukatika ukiidai mengi, kwa hiyo kina cha milimita 1.4 kifikiwe kwa kupita mara nne.

Mpangilio wa kazi ni huu na usiugeuze: kata mifereji ya freti ubao ukiwa bado bapa, tia njumu, halafu sugua mviringo, mwisho piga freti. Ukisugua mviringo kwanza, kitako cha mashine kinayumba kulia na kushoto na sakafu ya shimo inatoka na mawimbi.

Bandika maumbo mahali pake kwa tone dogo la gundi nyeupe, yazungushie mchoro kwa ncha kali, yabandue, halafu sugua chaki juu ya mpingo na uifute: mstari mweupe unabaki ndani ya mkwaruzo. Chimba hadi mstari uwe nusu umeliwa. Pampu ndogo ya hewa ya tangi la samaki, bomba lake likielekezwa kwenye biti, inapuliza vumbi mfululizo na inastahili bei yake yote.

Mpingo una mafuta ya asili. Futa shimo kwa asetoni, subiri likauke, gundisha ndani ya dakika chache. Epoksi ya taratibu ya saa 24, kama Araldite ya kawaida, ndiyo chaguo. Ile ya dakika tano hufa mikononi joto likipita nyuzi 30, hali ya kawaida Oktoba na Novemba. Mililita 5 zinatosha vidoti vyote na pambo moja. Changanya unga wa mpingo uliopita kwenye chujio la chai, hadi nusu ya ujazo wa gundi, iwe nzito kama uji wa ulezi. Ukizidisha unga, gundi inakuwa kavu na inaacha vishimo. Jaza shimo, zamisha kipande kimoja upande kwanza ili hewa itoke, bana kwa ubao uliofunikwa nailoni. Supaglu inafaa kwenye mpingo kwa vidoti tu. Kwenye mkongo inazamia kwenye vinyweleo na kuacha kivuli cheusi kuzunguka njumu, kivuli kisichotoka.

Gundi ikiingia kwenye mifereji ya freti, ipitishie msumeno wa freti baada ya saa chache, kabla haijawa jiwe.

Kesho yake sugua kwa kibao kigumu kirefu: 120, 220, 320, 400, 600. Vidole peke yake vinachimba mbao na kuacha gamba limesimama. Harufu ya nywele zilizoungua maana yake ni joto kwenye gamba, pumzika. Abaloni isisuguliwe kupita kiasi, rangi yake iko kwenye tabaka za juu na ikiliwa haijirudii.

Pambo linalofaa mji huu

Mteja akiuliza achorewe nini, zabibu za Dodoma ni jibu zuri kwa mafundi pia, kwa sababu kichala kinajengwa kwa vidoti vya milimita 3 vilivyokatwa tayari. Kati ya freti ya 11 na ya 12 kwenye urefu wa uzi wa 650 kuna milimita 19.3. Panga safu ya vidoti 4, kisha 3, 2 na 1, vituo vikiachana milimita 3.4: kichala chote kina vidoti 10, upana wa 13.2 na urefu wa 11.8. Nafasi iliyobaki juu inatosha jani moja la abaloni la milimita 4. Kuta kati ya matundu ni za 0.4 tu, kwa hiyo usitoboe yote kwa mpigo. Toboa yasiyopakana, gundisha, acha saa 24, ndipo utoboe yaliyobaki yakiwa yameegemea vidoti vilivyokwisha kaza. Changanya vyeupe na vyeusi vya Pinctada margaritifera na zabibu zitaonekana zinaiva kwa zamu.

Pambo lisikaribie mfereji wa freti kwa chini ya milimita 1.5, nyundo ya freti inasukuma mbao na gamba lililo ukingoni hupasuka. Mche unaotambaa kuvuka mfereji ukatwe hapo kwa msumeno kwanza, na freti ibanwe kwa jiliwa badala ya kugongwa.

Utunzaji

Mwambie mteja jambo hili kabla hajaondoka na gitaa. Kila anapobadilisha nyuzi, afute ubao kwa kitambaa kikavu na tone moja la mafuta ya kitani au ya madini, yote yafutwe baada ya dakika tano. Ndimu na siki zisiguse shingo kabisa, hata kama ndizo zinazosafisha shaba nyumbani: asidi inayeyusha kalisiamu kaboneti, na lulu iliyofutwa kwa ndimu inakuwa nyeupe butu kama chokaa, isirudi hadi isuguliwe upya kuanzia msasa wa 400.